JOHO LA WAKILI HALIUZWI MNADANI

Yafuatayo ni maneno ya mwanasheria mmoja kwa vijana wa Handeni na Korogwe. Tumeyachapa karibu yote. Tulichopunguza ni salamu na vibwagizo vya ukumbini. – Mhariri

Ndugu zangu vijana wa Chanika na Manundu, wa Mkata, Kabuku, Segera na Mombo, na ninyi mliokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki mkarudi kusikiliza wenzenu wanasema nini.

Nimeombwa nijibu swali moja. Kijana aliyemaliza shule ya kata hapa kwetu, baba mkulima wa mahindi au kibarua wa mkonge, apite wapi mpaka siku moja asimame mbele ya jaji akiwa amevaa joho, aitwe wakili msomi? Sikuja kuwapa moyo. Moyo mnao, maana anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa basi la Arusha hahitaji kufundishwa moyo. Nimekuja na hesabu.

KWA NINI TULIZUNGUMZE

Kwanza tukubaliane kwamba swali hili si la mtu mmoja na mshahara wake. Kuanzia Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zililetwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilisema watu hao wamehama kwa hiari na wamejengewa nyumba. Baadhi ya wenyeji wa Msomera nao wakalalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakilima na kuchungia imepimwa na kugawiwa wengine. Leo sikai hapa kama hakimu. Nauliza tu: mwenyeji huyo akitaka kwenda mahakamani, na yule aliyehamishwa naye akitaka kwenda mahakamani, kila mmoja atamkuta wapi wakili anayeijua ardhi hii, anayejua Kizigua cha bibi yake au Kimasai cha mzee wake, na asiyetaka kwanza nauli ya kutoka Dar es Salaam?

Njooni Korogwe. Mji huu umezungukwa na mashamba ya mkonge tangu enzi za Mjerumani. Penye shamba kubwa, pembeni yake kuna kijiji kilichobanwa, na penye kijiji kilichobanwa kuna kesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ipo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 ipo, nayo imepanga ngazi kuanzia baraza la ardhi la kijiji mpaka Mahakama ya Rufani. Vitabu vipo, ndugu zangu. Anayekosekana ni mtu wa kwetu wa kuvifungua.

Na wewe dereva wa bodaboda unakamatwa Ijumaa jioni, unakaa ndani mpaka Jumatatu, ndugu zako wanachangishana fedha za kukutoa. Hakuna aliyekwambia kwamba kwa makosa mengi dhamana ni haki yako, na kwamba dhamana ya polisi haina bei. Asiyejua sheria hulipia hata kile ambacho sheria imempa bure.

MAJINA YANAYOCHANGANYWA

Kijiweni kila mwenye tai na mkoba ni "mwanasheria". Tuyatenganishe majina haya, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotapeliwa.

Mwanasheria ni mtu aliyesoma sheria chuo kikuu akapata shahada. Anaweza kufanya kazi benki, halmashauri, kwenye shirika au chama. Wakili ni mwanasheria aliyevuka hatua nyingine zaidi, akaapishwa na jina lake likaingizwa kwenye daftari la mawakili linalotunzwa na Mahakama Kuu. Kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili.

Msaidizi wa kisheria ni mtu aliyepata mafunzo ya kuwasaidia wananchi kujua haki zao na kuwaelekeza pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua, na ni mtu wa maana sana vijijini. Lakini haruhusiwi kutoza malipo, wala kumsimamia mtu mahakamani kama wakili.

Halafu yuko kishoka. Huyo mnamjua. Anakaa karibu na mahakama, ana mhuri alioutengenezesha mjini, anaandika mikataba ya mauziano ya viwanja na anachukua chake kabla hujafikisha shauri lako kwa karani. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kujifanya wakili, na inamkataza kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Hati ikikosa sifa, anayepoteza kiwanja ni wewe. Yeye keshahamia stendi nyingine.

Siku hizi Mahakama ina mfumo wa mtandao unaoitwa e-Wakili. Mtu akikwambia yeye ni wakili, toa simu yako hiyo unayoangalizia mpira, tafuta jina lake. Hayumo au leseni yake imekufa? Funga pochi.

TULIKOTOKA

Bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961, wanasheria Waafrika wa nchi hii walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mawakili wengi walikuwa Wazungu na Waasia. Ndiyo maana chuo kikuu chetu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kitivo cha kwanza hakikuwa cha udaktari wala uhandisi, kilikuwa cha sheria. Kilianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wanafunzi hawakufika 15. Waliokuwa wakidai nchi walijua kwamba nchi haiwezi kuwa yako kama anayekuandikia sheria na anayekutetea wote wametoka kwingine.

Katika wanawake wa kwanza kusoma sheria pale alikuwa Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Kwa hiyo mwenye dada nyumbani asije akasema fedha zilizopo ni za kumsomesha dume.

Wakati ule serikali ilikuwa inawatafuta wanafunzi. Leo wanafunzi wanaitafuta nafasi, na ngazi imeongezwa vipago. Tuvihesabu.

MLANGO WA KWANZA: KIDATO CHA SITA

Safari inaanzia kidato cha nne. Cheti hiki watu wanakidharau wakishafika mbele, lakini kitakufuata mpaka mwisho kama kivuli, kila mlango utaulizwa kiko wapi.

Ukichaguliwa kidato cha tano unasoma miaka 2. Kwa sheria, michepuo ya sanaa ndiyo njia iliyozoeleka: Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa kozi za namna hii ni ufaulu wa kiwango cha kidato cha sita katika masomo mawili, jumla isiyopungua pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha mlangoni. Nasema mlangoni, sikusema ndani. Kila chuo kinaongeza masharti yake, kinataja masomo kinayoyataka, na waombaji wakiwa wengi kuliko viti, D mbili zinabaki uwanjani zikiangalia C na B zinaingia.

Vyuo vyenye shahada ya sheria vipo vingi kuliko zamani: Dar es Salaam, Mzumbe, Dodoma, Chuo Kikuu Huria, Mtakatifu Augustino Mwanza, Ruaha kule Iringa, na vingine. Shahada ni miaka 3 au 4, kutegemea chuo.

MLANGO WA PILI: CHETI NA STASHAHADA

Sasa nawageukia wale ambao matokeo yalipotoka waliambiwa "umefeli", wakaingia mtaani. Nani alikwambia D nne ni kufeli?

Kiwango cha kuanza cheti cha sheria ni kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, D na kuendelea, yasiyo ya dini. Unasoma mwaka 1 cheti cha awali, ngazi ya nne. Ukifaulu unaendelea miaka 2 mpaka stashahada, ngazi ya sita. Aliyemaliza kidato cha sita akapata ufaulu wa somo moja la kiwango hicho na jingine la kiwango cha chini yake, anaweza kuanzia stashahada moja kwa moja.

Na chuo kiko wapi? Hapa ndipo ninapotaka msikie vizuri. Watu wanauza ng'ombe kumpeleka mtoto Dar es Salaam kwenye chuo cha ghorofa ya tatu juu ya duka la vipuri. Kumbe ukitoka Korogwe ukafika Mombo, ukaacha barabara kuu ya Arusha, ukapanda zile kona za mlima, unafika Lushoto. Pale kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1998. Ni chuo cha umma, kinafundisha cheti na stashahada ya sheria, na makarani na mahakimu wa nchi nzima wanakijua. Wenzetu wanatoka Kigoma na Mtwara kuja kusoma kwenye mlima ambao sisi tunauona kila asubuhi tukipiga mswaki.

Ukipata stashahada, TCU inakutambua kuomba shahada kama wastani wako haupungui 3.0, na zile D nne za kidato cha nne ziwepo. Soma tena namba hiyo: 3.0. Kijana anafurahi amepata stashahada kwa wastani wa 2.7, anafanya sherehe, mama anapika pilau, halafu anaomba chuo kikuu na mlango unagoma. Aliyeko chuoni leo asisubiri mwaka wa mwisho ndipo aanze kuhesabu.

Sasa jumlisheni. Mlango wa kwanza: miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 3 au 4 ya shahada, 1 ya Shule ya Sheria. Miaka 6 au 7 tangu kidato cha nne. Mlango wa pili: miaka 3 mpaka stashahada, 3 au 4 ya shahada, 1 ya Shule ya Sheria. Miaka 7 au 8. Tofauti ni mwaka mmoja. Kwa ajili ya mwaka mmoja kijana anasema maisha yamekwisha, anakaa kijiweni miaka kumi!

Miongozo hii hutolewa kila mwaka na inabadilika. Mwaka unaoomba, soma mwongozo wa mwaka huo, wa TCU kwa shahada na wa NACTVET kwa cheti na stashahada. Usimsomee rafiki yako aliyeomba zamani. Na kabla hujalipa senti moja, angalia kama chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili, na kozi ya sheria isiwemo.

MLIMA WENYEWE: SHULE YA SHERIA

Zamani aliyemaliza shahada alifanya mafunzo ya kazi kwa muda, kisha akafanya mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Mwaka 2007 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Shule ya Sheria ya Tanzania, na wanafunzi wa kwanza wakapokelewa 2008. Iko Dar es Salaam, barabara ya Sam Nujoma. Mwenye shahada ya sheria anayetaka uwakili lazima apite pale asome sheria kwa vitendo: kuandaa hati ya madai, kuhoji shahidi, kuandika mkataba, maadili ya kazi, kisha anapelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili kujifunza kazi.

Mwaka mmoja tu. Lakini mwaka huo una meno. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka. Matokeo yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342. Walioshindwa kabisa walikuwa 265. Chukua kalamu ugawanye: 26 kwa 633 ni kama watu 4 katika kila 100. Na hawa wote walikuwa na shahada mkononi, walishavaa majoho ya mahafali na kupigwa picha.

Kelele zikapigwa. Wengine walisema Shule inakomoa ili mawakili wabaki wachache na ulaji ubaki kwa wachache. Wengine wakasema vyuo vikuu vinatoa shahada kama njugu. Wengine wakataja Kiingereza. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Mimi nasema hivi. Mtihani wa uwakili lazima uwe mgumu, kwa sababu wakili mbovu anakufunga jela ukiwa huna kosa. Hatutaki daktari aliyefaulu kwa huruma, wala wakili aliyefaulu kwa huruma. Lakini watu 607 kati ya 633 wakikwama, huwezi kusema wote ni wazembe. Mkulima akipanda mbegu mia zikaota nne, hawezi kuzitukana mbegu peke yake. Anaangalia udongo, anaangalia mvua, anamwangalia na aliyemuuzia.

LUGHA

Udongo wenyewe naujua, na ninyi mnaujua. Mtoto wa Kwamsisi au Sindeni anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Anaingia sekondari anaambiwa kuanzia leo hesabu ni kwa Kiingereza, bailojia ni kwa Kiingereza, na mwalimu mwenyewe anafafanua kwa Kiswahili ili aeleweke. Anakariri. Anafika chuo kikuu anakariri. Anafika Shule ya Sheria anapewa mkasa wa kurasa kumi kwa Kiingereza, anaambiwa amshauri mteja. Hapo kukariri kunaishia.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ila pale haki inapohitaji Kiingereza kitumike. Jambo jema. Mahakama ya mwanzo ilikuwa ya Kiswahili siku zote, na sasa angalau mama wa Kilole anaweza kusikia kesi yake ikiendeshwa huko juu akaelewa anashinda au anashindwa. Lakini angalieni kinyume chake: wakili anatakiwa amtetee mwananchi kwa Kiswahili, na tunamfundisha na kumpima kwa Kiingereza. Huo ni mzigo uliofungwa upande mmoja wa punda.

Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya 2012 ya shule ya sheria, waliandika wazi kwamba wanataka wastani wa C+ wa kidato cha nne, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Mmesikia? Au Kiswahili. Nairobi, ambako tunawacheka kwa Kiswahili chao, wamekubali kwamba anayeimudu lugha hii ana akili ya kuwa wakili. Sisi wenye lugha bado tunaona aibu.

Hayo ni ya kuwadai wakubwa, na tuendelee kuwadai. Lakini kijana wa leo asisubiri sera ibadilike ndipo aanze. Hukumu za miaka na miaka za Mahakama ya Rufani zimeandikwa kwa Kiingereza, na hata sera ikibadilika kesho hukumu hizo hazitajitafsiri zenyewe. Dawa ni moja: soma kila siku, tena kwa sauti. Kurasa mbili za hukumu, zinapatikana bure kwenye mtandao wa TanzLII. Neno usilolijua liandike. Kurasa mbili kwa siku ni kurasa 730 kwa mwaka. Hakuna chuo kitakachokupa hizo kwa bei hiyo.

BAADA YA SHULE

Ukifaulu Shule ya Sheria bado hujawa wakili. Unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu. Baraza la Elimu ya Sheria linakagua vyeti vyako na mwenendo wako. Nasema mwenendo: watu wanaokufahamu wanaandika kukuthibitisha kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Kijana anayefikiri kughushi cheti kimoja ni ujanja wa mjini ajue kwamba njia hii ina vituo vingi vya ukaguzi kuliko mizani zote kati ya Segera na Chalinze. Ukipita, unaapishwa, unaingizwa kwenye daftari, unapewa namba, na kila mwaka unahuisha leseni yako. Hapo ndipo joho linakuwa lako.

Na kazi ipo. Kwa muda mrefu sheria ilikataza mawakili kuingia mahakama ya mwanzo kabisa. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, wakili anaweza kuingia pale anapokaa hakimu mkazi. Maana yake kazi ya wakili imeshuka kutoka mjini ikafika karibu na shamba. Nani ataifanya Mkata? Nani ataifanya Mnyuzi? Mkikaa, watakuja wa kutoka mbali, na watakuja na bei ya mbali.

FEDHA NA AIBU

Najua mnachotaka kuniambia. Mzee, ada. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba ni jambo dogo. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa ajili ya shahada, na mtoto wa kibarua wa mkonge ana haki ya kuomba sawasawa na mtoto wa kigogo. Tatizo ni kwamba mtoto wa kigogo fomu yake inajazwa na baba, na ya kwako inarudishwa kwa sababu umekosea jina la kata. Jaza mapema, tafuta mwalimu akusomee kabla hujaituma. Ukifika hatua ya Shule ya Sheria, uliza tena Bodi ya Mikopo utaratibu wa mwaka huo, usidhani mlango umefungwa kwa sababu tu zamani ulikuwa umefungwa.

Chuo Kikuu Huria nacho kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina yenu: mwenye duka, mwalimu, dereva, askari, mtu asiyeweza kuacha kazi. Unasoma ukiwa kazini. Inachukua nidhamu kuliko fedha, maana hakuna kengele ya kukuamsha.

Kuna aibu pia, na hii inaua vijana kuliko ada. Mtu ameshindwa mara moja hataki tena kuonekana. Basi niwaambieni habari ya Nelson Mandela. Aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand kusoma sheria mwaka 1943, akatoka bila shahada ile. Akafanya mitihani ya uwakili kwa njia nyingine iliyokuwepo kwao, na mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo wakafungua ofisi yao Johannesburg. Watu weusi walijaa mpaka kwenye ngazi. Shahada ya sheria aliipata 1989, kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado kifungoni. Umri wake ulikuwa umeshatimia miaka 70. Wewe una miaka 24 unasema umechelewa! Umechelewa wapi, na basi lenyewe hujalikatia tiketi?

Yupo atakayesema Abraham Lincoln alijisomea mwenyewe akawa wakili. Ni kweli, na mpaka leo yapo majimbo machache ya Marekani yanayomruhusu mtu kujifunza sheria ofisini kwa wakili badala ya chuoni. Lakini hapa si Illinois. Hapa asiye na shahada na cheti cha Shule ya Sheria, hata kama amemeza vitabu vyote, akisimama mahakamani kumtetea jirani kama wakili, wa kwanza kukamatwa ni yeye. Kesi yako mwenyewe unaweza kujitetea. Ya jirani, katafute joho.

TUDAI NINI, TUFANYE NINI

Kwa wakubwa tunadai mambo yanayoeleweka. Ada na masharti yatangazwe kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, yasibaki kwenye mtandao peke yake. Vyuo vinavyodahili watu wasio na sifa, vikala ada yao miaka mitatu na kuwatupa kwenye mtihani wasiouweza, viwajibishwe, kwa sababu wizi wa ada ni wizi kama wa ng'ombe. Na mahakama ikizungumza Kiswahili, darasa la sheria nalo lianze kujifunza kukizungumza.

Kwetu wenyewe, kila mmoja akirudi nyumbani atoe cheti chake cha kidato cha nne kabatini. Ahesabu D zake, aondoe somo la dini. Zikifika nne, asiniambie habari ya kufeli. Lushoto iko pale juu. Zikipungua, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea si dhambi, na somo moja au mawili yanatosha kumfungulia mtu njia. Mwenye kidato cha sita ajumlishe pointi zake. Mwenye stashahada aangalie kama 3.0 ipo. Mwenye shahada aliyekwama Shule ya Sheria ajue hayuko peke yake, wako mamia, wajikusanye wasome pamoja badala ya kujificha kila mmoja kwao.

Sioni sababu kwa nini vijana 10 wa Handeni na 10 wa Korogwe wasianze safari hii mwaka huu. Wakikwama nusu, watabaki 10. Mawakili 10 wa kwetu, wanaojua kijiji kiko wapi na mpaka wa shamba unapita kwenye mti gani, ni jeshi. Siku hiyo mwenye shamba kubwa atapiga hodi kabla ya kupiga katapila.

Sasa maswali, na yaanze kutoka nyuma, maana wa mbele huwa wamekwisha pangwa.